Taa za kwenye laptopu na taa zilizochoka

Shangazi wa bibi harusi aliivuta laptopu mpaka karibu na uso, akavua miwani, akaifuta na kanga, akaivaa tena, afu akauliza: "Fundi, hizi taa siku yenyewe zitakuwa hivi hivi?"

Ilikuwa kikao cha kamati, kwenye baa moja Sinza, soda na karanga mezani, mpambaji kashamaliza kuonyesha vitambaa vyake na mimi ndo nimefungua picha ya 3D ya ukumbi. Bimu nane, zile taa za mwali mwembamba zenye kichwa kinachogeuka, zimesimama nyuma ya meza kuu, pakani za LED, zile taa za kopo za kupaka rangi, zimeupaka ukuta zambarau, mwanga mweupe laini umetua pale watakapokaa maharusi. Kamati ikanyamaza kidogo. Isipokuwa mweka hazina, yeye alikuwa anasubiri bei.

"Zitafanana, mama," nikamjibu.

"Zitafanana na nini sasa? Na hizi, au na zile za harusi ya Mbagala?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kazi tukapewa. Mama wa watu hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anauliza kitu anachochangia hela yake. Ila lile swali liligoma kutoka kichwani. Harusi ikapita salama, watu wakacheza mpaka usiku wa manane, wiki zikasogea, na mimi bado najiuliza zile taa nilizomuonyesha shangazi ni za nani.

Maana zangu hazikuwa.

## Taa isiyo na jina

Ukifungua vizualaiza yoyote, yaani programu inayokuonyesha taa kwa 3D kabla hujazifunga, iwe Capture, iwe 3D ya ndani ya grandMA3 onPC (hii unaipakua bure), iwe Blender ukiiwekea BlenderDMX, unakuta maktaba ya taa ndefu kweli kweli. Robe, Clay Paky, Martin, Ayrton, taa za kampuni kubwa zote zimejaa humo na modi zake na gobo zake (vile vibati vinavyochora maumbo kwenye mwanga). Sasa tafuta ile uliyoinunua Kariakoo, iliyoandikwa tu "Beam 230 7R" ubavuni na stika ya kampuni ambayo huipati hata ukiitafuta mtandaoni. Haimo. Na ukikuta yenye jina hilo hilo usifurahi haraka, inaweza isiwe yako, kwa sababu taa mbili zinaweza kuvaa kava moja na ndani zikawa na bodi tofauti kabisa.

Kwa hiyo mafundi wengi tunapita njia ya mkato, na hiyo njia ina historia yake. Mwaka 2010 Clay Paky wa Italia walitoa Sharpy, taa ndogo yenye balbu ya wati 189 tu lakini inatoa mwanga mwembamba unaofika mbali ajabu, ikavuma dunia nzima, na viwanda vya China vikaanza kutoa nakala. Nakala nyingi ziliiga mpaka mpangilio wa chaneli, yaani namba ambazo kila kazi ya taa inaamriwa nazo. Chaneli ya 1 rangi, ya 3 dima (ukali wa mwanga), ya 4 gobo, ya 10 pani (kugeuka), ya 12 tilti (kuinama), ya 16 balbu. Ndo maana ukichukua profaili ya Sharpy, yaani faili linaloielezea taa kwa programu, ukaibandika kwenye nakala yako ya chaneli 16 inawaka, inageuka, inabadilisha rangi, unaona maisha yamenyooka.

Kwenye laptopu unaona Sharpy, huku kwenye trasi, ile fremu ya chuma ya kuning'inizia taa, umefunga kitu kingine.

Na kwa kazi nyingi hiyo inatosha, tusidanganyane. DJ anapiga, bimu zinazunguka, hakuna atakayesimama kuuliza hii rangi ya tatu mbona siyo ile. Shida inaanza pale unapotaka kuprogramu nyumbani, na siku hizi hatuna ujanja, lazima tuprogramu nyumbani. Ukumbi unakabidhiwa saa tisa alasiri kwa sababu asubuhi kulikuwa na semina, mpambaji anataka ngazi ile ile unayotaka wewe, MC anajaribu maiki, na wageni wanaanza kuingia saa moja. Muda wa kukaa na miksa ya taa kupanga pozisheni moja moja haupo. Ulichopanga kwenye laptopu ndo hicho hicho kitakachotokea.

## Ndani ya faili

Wanaojua haya wataniwia radhi, nasema kwa kifupi. Zamani kila programu ilikuwa na lugha yake ya profaili, ukitengeneza taa kwenye hii haifunguki kwenye ile. Baadaye MA Lighting, Robe na Vectorworks wakakaa pamoja wakaja na GDTF, na mwaka 2020 ikachapishwa rasmi Ujerumani kama DIN SPEC 15800. Ni faili moja la taa linalosomeka na programu nyingi, na kuna kihariri chake mtandaoni unafanyia kazi ndani ya brauza.

Nilichokuwa sijawahi kufanya ni kulichungulia hilo faili lenyewe. Siku moja umeme umekatika, laptopu ina chaji, nikabadilisha jina la faili kutoka .gdtf kwenda .zip nikalifungua. Ndani kuna picha za gobo, kuna maumbo ya 3D ya kava, na kuna faili moja la maandishi linaitwa description.xml.

Nikalisoma lote.

Hamna uchawi humo. Kuna besi, juu ya besi kuna mkono unaogeuka, juu ya mkono kuna kichwa kinachoinama, mdomoni mwa kichwa kuna sehemu mwanga unapotokea. Afu kila chaneli imeandikwa: kutoka namba hii mpaka namba hii taa inafanya hivi, na kwa vitendo maana yake ni digrii kadhaa, au sekunde kadhaa, au lumeni kadhaa. Kila kitu ninachokiona kwenye skrini, ule mwanga uliowanyamazisha kamati, ni madai ya mtu aliyekaa akaandika namba. Kaandika 250, programu inaamini 250, wala haina njia ya kuuliza umeipimaje.

Kwa taa za kampuni kubwa huyo mtu anatoka kiwandani, kuna maabara, kuna vipimo. Kwa taa yangu ya Kariakoo huyo mtu angekuwa nani?

Hapo ndo nilipoanza kuelewa kwa nini swali la shangazi lilikuwa linanikera.

## Fada na daftari

Nikashusha bimu moja kutoka stoo, nikaiweka sebuleni juu ya meza ya kahawa, nikafunga mapazia. Mke wangu akapita, akaangalia, akaenda zake jikoni bila kusema kitu.

Hii kazi inachosha na mimi naipenda sana. Unawasha balbu, unafungua dima na shata (kizibo cha mwanga), chaneli nyingine zote sifuri, afu unashika fada (kitelezo) ya gobo peke yake unaipandisha namba moja moja huku macho yako ukutani. Sifuri, moja, mbili, tatu, bado mwanga mtupu. Kijitabu kilichokuja na taa, yaani karatasi moja imekunjwa mara nne, kilisema gobo ya kwanza inaanza 10. Ikaingia kwenye 6. Ya pili kijitabu kilisema 20, ukutani ikaingia 12. Kumbe kile kijitabu ni cha taa nyingine yenye gobo chache, duka walikitumbukiza tu kwenye boksi ili boksi liwe na kijitabu. Kuanzia hapo nikawa naandika ninachokiona, mstari kwa mstari kwenye daftari la shule la mtoto.

Rangi ilikuwa hivyo hivyo. Gurudumu la rangi za glasi lina kile kitu cha kusimama katikati ya rangi mbili, nusu nyekundu nusu bluu, na kwenye nakala hii zile nusu zina namba zake, kwa hiyo usipoziandika kwenye profaili laptopu itakuonyesha nyekundu safi wakati ukumbini nusu ya duara ni bluu. Kuna moja inatakiwa iwe ya kuushusha mweupe uwe wa joto, ile ya rangi ya balbu za zamani. Yangu inatoka na upinki fulani. Nikaandika upinki.

Gobo nikazipiga picha. Shuka jeupe ukutani, simu kwenye stendi, kila gobo picha yake, baadaye unaigeuza nyeusi na nyeupe tupu, unaikata mraba, unahifadhi PNG unaiingiza kwenye faili. Kwenye ile ya nyota ncha moja imeungua, chuma kimeliwa na moto wa balbu, nyota imebaki na ncha nne na kisiki.

Hapo nikasita kwa mara ya kwanza.

Nikiwa kwenye kompyuta ni dakika mbili tu kuichora ile ncha upya, nyota ikakamilika. Lakini nikiichora nitakuwa nimerudi kule kule, nina taa nzuri kwenye skrini ambayo siimiliki. Nikiiacha, kila picha nitakayomuonyesha mteja itakuwa na nyota mbovu. Nikaiacha kwanza, nikahamia kwenye pani na tilti, maana hesabu hazina huruma na mimi siku hiyo nilihitaji kitu kisicho na huruma.

## Digrii tano za bibi harusi

Sharpy inageuka digrii 540 na kuinama digrii 250. Nakala yangu inageuka hizo hizo 540 lakini inainama 270, nilipima kwa kutegesha simu yenye programu ya pimamaji kwenye kichwa cha taa, fada ya tilti nikaipeleka chini kabisa afu juu kabisa. Ishirini zaidi, unaweza kusema ishirini ni nini bwana.

Haya tuzifuate. Katikati zote mbili zinaangalia sehemu moja. Kadri unavyoinamisha ndo zinavyoachana. Ukiinamisha kichwa digrii 60 kwenye vizualaiza yenye profaili ya Sharpy, namba ile ile ya DMX, ile lugha ya kuamrisha taa, inaipeleka taa halisi karibu 65. Digrii tano kwa umbali wa mita 10 ni kama sentimita 87. Sentimita 87 kwenye meza kuu ni kutoka kwa bibi harusi mpaka kwa matroni wake.

Nimewahi kuona harusi ambayo matroni aling'aa usiku kucha. Sitaji ya nani.

Kitu cha pili ni zile chaneli ndogo za pani na tilti, ya 11 na ya 13. Chaneli moja ya DMX ina hatua 256 tu, mfumo wenyewe uliwekwa 1986 na watu wa USITT kule Marekani, na haukuanzia kwenye taa zinazoruka ruka hivi. Gawa 540 kwa 256, kila hatua ni zaidi ya digrii 2, na kwa mita 10 kila hatua ni karibu sentimita 37. Ukiunganisha na chaneli ndogo unapata hatua 65,536, hapo mwanga unasogea bila kurukaruka. Sasa kwenye profaili nyingi za kujitengenezea ile chaneli ndogo imeandikwa kivyake, haijafungwa na mama yake, kwa hiyo kwenye laptopu bimu inatembea kwa kuchechemea na fundi anaanza kulaumu kompyuta. Ni kisanduku kimoja tu cha kujaza.

Spidi pia. Nakala yangu inachukua sekunde kama tatu kumaliza pani yote, na ikianza inatikisika kidogo. Faili lina sehemu ya kuandika hizo sekunde. Usipoiandika, taa ya kwenye skrini inafika papo hapo, unapanga miondoko ya kufuata ngoma, ukumbini taa bado ziko njiani wakati ngoma ishapita.

Umbo la nje la taa sikuligusa. Nimekopa kava la taa nyingine, halitoi mwanga, basi.

## Mwanga wenyewe

Pakani ndo zilinifundisha zaidi. Hizi ni zile za LED 54 za wati 3, RGBW (nyekundu, kijani, bluu na nyeupe), kila mtu anazo. Ukizidisha unapata wati 162 na ndo wanavyoziuza. Nilichomeka kipimo cha soketi, zote zimewaka mpaka mwisho, hazikufika 90.

Upana wa mwanga unapimwa hivi: weka taa mita 5 kutoka ukutani, chukua programu ya lux (kipimo cha mwanga) kwenye simu, soma katikati, afu sogea pembeni mpaka namba ifike nusu ya ile ya katikati, weka alama ya masking tepu, fanya na upande wa pili. Zangu zilitoka mita 2.2 kati ya alama na alama, ambayo ni kama digrii 25. Kijitabu kilisema 25! Nilifurahi kweli, nikataka kumpigia mtu simu.

Simu haikupi lux za kweli, tuwe wazi, lensi zake na kila simu na yake. Lakini uwiano inakupa vizuri, na mimi uwiano ndo niliokuwa nautaka.

Dima yake ina tabia. Kutoka sifuri mpaka 11 hakuna kitu, giza, ikifika 12 inaruka ghafla ikiwa imeshawaka ya kutosha kusomea. Ukiwa na taratibu ya bibi harusi kuingia, taa zinapanda polepole na wimbo, kwenye laptopu ni hariri tupu, ukumbini ni giza, giza, pa! Kwenye profaili nikaandika mwanga unaanza 12. Sasa ule mruko nauona nikiwa nyumbani, na nimejifunza kuanza na taa nyingine nyuma ili usionekane.

Afu mweupe. Chipu nyeupe za hizi pakani zina ubluu, na ukizichanganya na RGB zote mwisho inakuwa mbaya zaidi. Kwenye ngozi zetu ule mweupe unapausha uso, vitenge vyekundu vinakuwa kahawia, na mpiga picha anakuja kukuuliza umefanya nini. Mwanasesere wa 3D niliyekuwa naye kwenye faili la ukumbi alikuwa wa kijivu. Kijivu hakipauki! Nimekaa muda gani nikiuangalia mwanga unatua kwenye kijivu nikaridhika? Nikampaka rangi ya ngozi ya kwetu, nikaandika joto la rangi lililo karibu na ninaloliona kwa macho, nikamvisha kitenge. Picha ikawa mbaya papo hapo. Nikaongeza amba kidogo, nikapunguza bluu, ikapona. Hayo marekebisho ndo hayo hayo niliyokuwa nayafanya ukumbini kwa kukimbia, jasho linanitoka, mpambaji ananiangalia.

Hii peke yake ililipa kazi yote.

## Nane zinazofanana

Nikadhani nimemaliza. Nina profaili, nikaiweka mara nane, nikapanga nyuma ya meza kuu.

Afu nikashusha zile saba nyingine nizipime, kwa usumbufu tu.

Ukiipa bimu nzuri kuliko zote alama 100, mbovu kuliko zote ilikuwa 58. Balbu hizi zinachoka, na vioo vya ndani vinakula vumbi na mafuta ya mashine ya moshi. Mbili zimekuwa za njano kidogo. Moja tilti yake imelegea, inasimama digrii moja chini ya wenzake. Kwenye kila vizualaiza duniani taa nane za aina moja ni mapacha, zinafungua kipepeo safi, miali iliyotanuka kama mbawa, nyuma ya meza kuu, na kipepeo hicho ndo kinachouza kazi. Changu kina mbawa moja hafifu.

Sa hapa niandike nini? Profaili ya taa moja moja, nane? Nikibadilisha balbu nikaandike tena? Nilikaa na hili siku kadhaa. Nilifikiria wastani, wastani ni uongo mwingine, hakuna taa hata moja kati ya nane yenye wastani. Nilifikiria kuandika zote kwa ile mbovu kuliko zote, ikawa picha ya kukatisha tamaa na siyo kweli pia.

Mwisho nikatengeneza mbili, nzima na iliyochoka. Tano zinaingia kwenye nzima, tatu kwenye iliyochoka, na ghafla vizualaiza ikaanza kunisaidia kwa kitu ambacho sikukitegemea: wapi pa kuzificha. Zile tatu sasa zinakaa pembeni na chini, zinapiga ukuta ulio karibu, ambako 58 inatosha kabisa. Zile za kati ndo nzima. Kipepeo kimerudi, kidogo lakini sawa pande zote.

## Rafiki yangu hakubaliani

Nina rafiki anafanya taa za matamasha makubwa, yeye anapakia semi na semi, mimi napakia Noah. Nilimuelezea haya yote kwa simu, akacheka mpaka akakohoa.

"Kaka, wewe unauza kazi au unafanya ripoti ya ukaguzi? Mchora ramani akikuchorea nyumba anakuwekea na Benz uwanjani. Ushawahi kusikia mtu anamdai Benz?"

Nilikosa jibu, na ukweli ni kwamba ana hoja. Kamati haisomi mwanga kwa lumeni. Wanataka kuona rangi zinaendana na vitambaa, meza kuu iko wapi, ukumbi utakuwa na hisia gani. Na mshindani wangu atakayekuja kesho yake na Sharpy kumi na mbili za kwenye skrini, moshi umejaa, kila mwali unaonekana kwa urefu wake, yeye ndo atapewa kazi, ilhali stoo kwake ana taa zile zile kama zangu. Nimeshapoteza kazi moja hivyo. Mwenyekiti aliniambia wazi, "picha zako ziko kimyakimya."

Lakini mchora ramani haitumii ile ramani kuendesha Benz. Mimi faili ninalomuonyesha mteja ndo faili lile lile linalokwenda kuendesha taa siku ya shughuli, pozisheni zile zile, dima zile zile, hakuna la pili. Nikiwa na mafaili mawili, moja la kuuza na moja la kufanyia kazi, nitaprogramu yote mara mbili na siku moja nitapakia lisilo lenyewe.

Bado tunabishana. Yeye anasema tatizo langu ni kukosa balbu mpya, siyo profaili. Hilo nalo ni kweli.

## Hewa

Kuna kitu hata profaili bora haikisemi, nacho ni hewa. Bimu haionekani hewani bila moshi, unaona tu inapogonga. Vizualaiza zinapenda kuja na moshi umewashwa tayari, mtelezo umekaa juu, na hapo ndo uzuri mwingi unapotoka. Kwenye ukumbi uliofungwa wenye AC kali moshi unakaa kwa mawimbi, unakuja unaondoka. Kwenye harusi za ufukweni, Kigamboni au Bagamoyo, upepo wa bahari ukianza jioni unaweza kuwasha mashine mbili na bimu zote zikawa vidoti juu ya minazi.

Kwa hiyo sasa kazi za nje nazionyesha kwa moshi sifuri. Kabisa. Bimu zinapotea kwenye picha, mteja anauliza ziko wapi, na hapo ndo tunapata mazungumzo ya maana: basi tusizilipie, hela hiyo tuweke pakani kwenye minazi na kwenye hema, vitu vyenye uso wa kupokea mwanga. Mara nyingi wanakubali haraka kuliko nilivyodhani. Mweka hazina ndo wa kwanza kukubali.

## Ninachoshirikisha na ninachobaki nacho

Nimebakiwa na jambo la kulipandisha hili faili kwenye maktaba ya pamoja, ile GDTF Share, maana najua kuna mtu Arusha au Mombasa amekaa na taa ile ile na kijitabu kile kile cha uongo. Nikaanza kulipandisha nikasimama. Atakayelipakua atapata balbu zangu zilizochoka, nyota yangu yenye kisiki, upinki wangu. Hizo ni habari za stoo yangu.

Nikalitenganisha. La kwenda nje lina chaneli, namba za gobo na rangi nilizozisoma kwa fada, 270 ya tilti, chaneli ndogo zimefungwa na mama zake, sekunde za mwendo, na nyota nimeichora ncha ya tano. Lumeni nimeandika za ile nzima. Kwenye maelezo nimeandika kwamba imepimwa kwenye taa moja, bodi moja, uhakikishe na yako kabla hujaiamini. La nyumbani limebaki na uchovu wake wote.

Kinachonishinda mpaka sasa ni frosti, ile ya kulainisha mwanga, chaneli ya 8. Kwenye taa yenyewe inaacha kiini kikali katikati na ukungu pembeni, kwenye vizualaiza inautawanya mwanga wote sawasawa, na sijapata namba ya kuandika inayotoa kile kiini. Kwa hiyo kwenye harusi siitumii. Uso wa bibi harusi nauwekea pakani mbili zenye karatasi ya difyuzi (ya kulainisha mwanga) mbele, na hizo nimezipima zikiwa na karatasi yake.